Hisa zinashuka na karo inakaribia: niuze au ningoje?

Kwenu washauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Mwaka 2021, hisa za Safaricom zilipokuwa gumzo kila mahali, nilinunua 800 kwa shilingi 41. Zikaporomoka, nikaziacha tu. Mwaka jana nilikopa shilingi 150,000 kwenye sacco yetu, riba asilimia 1 kwa mwezi, nilipe kwa miezi 36. Shilingi 90,000 nikanunulia hisa za benki mbili kubwa. Zile 60,000 zilizobaki nikanunua hisa 3,000 za kampuni ndogo ya viwanda kwa shilingi 20 kila moja, kwa kuwa kundi letu la Telegram lilisema zitafika 35.

Wiki tatu hizi mambo yamegeuka. Hisa za benki sasa ni kama 76,000. Za ile kampuni ndogo zimefika 13, na nasikia imetoa "tahadhari ya faida" ambayo sielewi maana yake. Wiki jana hofu ilinizidi nikaagiza hisa 500 ziuzwe kwa bei ya soko. Programu ilikuwa ikionyesha 13, lakini nikapata wastani wa 12.42, na hapo ada hazijakatwa. Nani amenila?

Januari nahitaji 40,000 za karo ya kifungua mimba wangu. Binamu yangu anasema niongeze hisa wakati huu bei iko chini ili nishushe wastani. Mwenzangu shuleni anataka niweke agizo la kujiuza lenyewe bei ikizidi kushuka. Mwingine ameniambia nikiuza kwa hasara KRA itanipunguzia kodi. Nishike lipi?

Mwalimu, Nakuru

JIBU

Mwalimu,

Hakuna aliyekula pesa zako. Tuanze na hilo, kwa sababu ukielewa kilichotokea kwa zile hisa 500, nusu ya maswali yako mengine yatajijibu.

Bei unayoiona kwenye programu ya dalali ni ya biashara iliyokwisha kufanyika. Huenda ilifanyika dakika tano zilizopita, huenda ni ya jana. Hata bei ya kufunga ya Soko la Hisa la Nairobi ni wastani wa biashara za siku nzima, kila biashara ikihesabiwa kwa uzito wa idadi ya hisa zake. Hakuna mtu aliyeahidi kukulipa bei hiyo. Ahadi halisi ziko kwenye orodha ya wanunuzi na wauzaji, ambayo programu nyingi huionyesha ukiibonyeza hisa yenyewe, kwa safu mbili: upande mmoja wanaotaka kununua, upande wa pili wanaotaka kuuza.

Matokeo yako yanalingana kabisa na orodha ya namna hii: mnunuzi wa kwanza anataka hisa 200 kwa 12.90, wa pili 150 kwa 12.40, wa tatu anangoja chini kabisa na 5,000 kwa 11.80. Ulipoagiza 500 kwa bei ya soko, mfumo uliwapitia kwa zamu. Hisa 200 zikaleta 2,580, 150 zikaleta 1,860, na 150 za mwisho zikaleta 1,770. Jumla 6,210, yaani wastani wa 12.42. Ungeachia zote 3,000 asubuhi hiyo, hisa 2,650 zingeangukia kwa yule wa 11.80, na ungekusanya 35,710 badala ya 39,000 ulizokuwa ukizihesabu kichwani. Ungekuwa umeitupa shilingi 3,290 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mwenye ng'ombe anayefika mnadani jioni, wanunuzi wamebaki wawili, hauzi kwa bei aliyoisikia redioni asubuhi.

Hisa za Safaricom au za benki kubwa hazikuumizi hivyo, maana kila siku wanunuzi ni wengi na pengo kati ya bei za pande mbili mara nyingi ni senti chache. Kampuni ndogo ni jambo jingine. Kwa hiyo kwa hisa hizo usitumie tena agizo la bei ya soko, iwe unanunua au unauza. Chagua kitufe cha Limit, uandike bei ya chini kabisa unayokubali ukiuza, au ya juu kabisa ukinunua, kisha uangalie muda wa agizo. Likiwekwa kuwa la siku moja hufa soko likifungwa saa tisa alasiri, na wengi hudhani bado liko hai. Dalali anaweza kukuwekea lidumu hadi tarehe unayotaja.

Halafu pima soko linaweza kumeza kiasi gani. Chukua idadi ya hisa za kampuni hiyo zilizouzwa katika siku 20 za soko zilizopita, ugawanye kwa 20. Tuseme wastani ni 1,500 kwa siku. Ukiuza zaidi ya moja ya tano ya hapo, yaani 300, unaanza kuisukuma bei chini wewe mwenyewe. Hisa 2,500 ulizobaki nazo zitahitaji siku nane au tisa za soko. Ongeza siku tatu za kazi, kwa sababu hisa ulizouza Jumatatu hulipwa Alhamisi, kisha siku moja ya pesa kutoka kwa dalali hadi benki au M-Pesa. Desemba ina sikukuu tarehe 12, 25 na 26, na Januari mosi soko limefungwa tena. Mwenye karo ya Januari aanze kuuza wiki ya kwanza ya Desemba, asingoje Krismasi ipite.

Sasa hiyo tahadhari ya faida. Kampuni iliyoorodheshwa Nairobi ikitarajia faida ya mwaka kupungua kwa angalau asilimia 25 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, sheria inailazimisha kuutangazia umma mapema. Huwa ni ukurasa mmoja au miwili, na aya ya kuisoma kwa makini ni ile inayotaja sababu. Kampuni inaweza kusema imelipa wafanyakazi wanaostaafishwa, au imepata hasara ya mara moja kwenye ubadilishaji wa sarafu. Gharama kama hiyo huuma mwaka mmoja ikaisha. Lakini ikisema mauzo yamepungua na riba ya mikopo imepanda, hayo ni maradhi ya kudumu. Fungua hesabu zake za karibuni zaidi uangalie mistari mitatu tu: mauzo, faida ya uendeshaji kabla ya riba, na gharama ya riba. Riba ikila zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji, benki ndiyo inayofaidi kiwanda hicho, si wewe mwenye hisa.

Maoni yetu ni kwamba uitoke kampuni hiyo, polepole, kwa utaratibu tuliokupa. Kushuka kwa bei peke yake hakutoshi kuwa sababu. Tatizo ni kwamba sababu yako ya kuinunua ilikuwa ahadi ya 35 kutoka kwa watu usiowajua, na sasa kampuni yenyewe imetangaza kwamba faida inapungua. Sababu ya kununua haikuwapo tangu mwanzo. Kutoka 20 hadi 13 ni hasara ya asilimia 35, lakini kurudi kutoka 13 hadi 20 kunahitaji bei ipande kwa karibu asilimia 54. Na kuna mahali ambapo hata kungoja hakuwezekani. Biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 na haikurudi hadi Januari 2025. Mumias Sugar iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeletwa na mdai kukusanya deni lake, Septemba 2019, na walioshikilia hisa wakisema "itarudi tu" walibaki nazo mkononi bila mahali pa kuziuza.

Hesabu ya karo basi. Chukulia utapata wastani wa 12 kwa hisa 2,500, hizo ni 30,000. Ondoa ada. Ya dalali, ya soko, ya CDSC inayotunza rekodi za hisa, na ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kwa jumla huwa kati ya asilimia 1.5 na 2.1 kwa wawekezaji wadogo. Tukikata 2, unabaki na 29,400. Pamoja na kama 6,086 za zile 500 ulizokwisha kuuza, una 35,486. Upungufu ni kama 4,500, na huo uutoe kwenye hisa za benki: uza za shilingi 4,600 hivi. Muulize kwanza dalali kama ana kiwango cha chini cha ada kwa kila agizo, maana shilingi 100 kwenye biashara ya 4,600 ni kawaida, lakini kwenye ya 800 ni wizi wa mchana. Wengi hawalifikirii hili tangu Agosti 2025, soko liliporuhusu mtu anunue hata hisa moja. Pesa zikiingia, zihamishie kwenye hazina ya soko la fedha (money market fund) iliyosajiliwa na Mamlaka, unakoweza kuzitoa ndani ya siku chache. Usiziache kwa dalali zikikutongoza ununue kitu kingine.

Hizo ada ndizo zinazowamaliza wanaoingia na kutoka kila bei ikitikisika. Ukikatwa asilimia 2 ukinunua na 2 ukiuza, bei lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 4 ndipo urudishe pesa zako tu. Anayeuza leo kwa hofu na kununua tena wiki ijayo ameanza akiwa nyuma kwa kiasi hicho.

Tukija kwenye hisa za benki, kwanza tenganisha kushuka kwa soko na kushuka kwa kampuni. Hisa zako zimepungua kwa karibu asilimia 16. Angalia NASI, kipimo cha hisa zote, kilifanya nini wiki hizohizo tatu. Kikumbuke kwa kasoro yake: kwa miaka mingi Safaricom peke yake imebeba zaidi ya theluthi moja ya thamani ya soko lote, kwa hiyo siku Safaricom ikipanda, NASI inaweza kuonekana nzima huku benki zikitokwa jasho. Zilinganishe pia na benki nyingine nne au tano. Zikiwa zimeshuka zote pamoja, tafuta sababu kwenye uchumi. Zikiwa zimeshuka zako tu, tafuta ndani ya benki hizo. Benki zetu huchapisha hesabu kila robo mwaka, na humo tazama mikopo isiyolipika ni asilimia ngapi ya mikopo yote. Kwa sekta nzima mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya asilimia 16, basi yenye 10 inapumua vizuri na yenye 25 inakuomba uihurumie.

Sababu za kiuchumi si kitendawili. Kwa mfano, Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13, na hatifungani ya miundombinu ya mwezi huo, yaani mkopo ambao wawekezaji huipa serikali, ililipa asilimia 18.46 bila kodi. Nani angeshikilia hisa yenye mgao wa faida wa asilimia 6 wakati serikali inalipa mara tatu ya hapo? Wawekezaji wa nje nao walikuwa wakiuza. Safaricom iliyokuwa karibu na shilingi 45 Agosti 2021 ilikuwa imekwisha kuteremka chini ya 15 mwaka 2023, huku pia ikibeba gharama za kuanza kazi Ethiopia. Lakini kampuni haikuacha kulipa: mgao wa mwaka ulioishia Machi 2023 ulikuwa 1.20 kwa hisa, na uliofuata vilevile. Kwa hisa zako 800 ilikuwa 960, na baada ya kodi ya asilimia 5 ulibaki na 912 kwa mwaka. Aliyenunua kwa 15 alipata asilimia 8 kabla ya kodi. Wewe wa 41 ulipata chini ya 3, kwa mgao uleule, kampuni ileile.

Hapo ndipo tunapotofautiana na binamu yako. Ukinunua 800 nyingine kwa, tuseme, 30, karatasi itaonyesha wastani wa 35.50 na utajisikia nafuu. Hisa za kwanza hazijabadilika hata senti. Soko halijui kwamba ulinunua kwa 41, na bei hiyo haina kazi tena katika uamuzi wako. Jiulize kama ungekuwa huna hisa hata moja ya kampuni hii, na una pesa usizozihitaji kwa miaka mitano, ungeinunua leo kwa bei ya leo? Jibu likiwa ndiyo, na baada ya kununua haizidi robo ya akiba zako zote za hisa, ongeza kidogo kidogo, mara moja kwa mwezi au kwa robo mwaka. Kwa hali yako ya sasa jibu ni hapana, kwa sababu pesa za kuongezea zingetoka kwenye karo au kwenye mkopo mwingine.

Na mkopo ndio unaotutia wasiwasi kuliko bei. Shilingi 150,000 kwa asilimia 1 ya salio kila mwezi, kwa miezi 36, ni makato ya karibu 4,980 kwa mwezi, na jumla ya riba ni kama 29,350. Hisa zilizonunuliwa kwa pesa hizo zilipaswa kukuletea zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, juu ya ada, ndipo uanze kuhesabu faida. Zipo zinazofanya hivyo kwa miaka kadhaa, lakini makato ya sacco hayangojei mwaka mzuri. Kigezo chetu ni kimoja: ukikatwa, mwezi unaisha bila kukopa kwenye simu? Kama ndiyo, ziache hisa za benki zikae, na mgao ukija upeleke wote kupunguza salio la mkopo. Kama unaziba mwezi kwa mikopo ya simu, uza za benki sasa hivi hata kwa hasara, upunguze deni. Hakuna hisa inayoweza kushindana na riba ya mikopo hiyo.

Agizo la kujiuza lenyewe si dawa mwenzako anayoidhania. Si kila dalali hapa analipokea, kwa hiyo uliza kwanza. Halafu Nairobi bei kwa kawaida hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Habari mbaya ikitoka usiku, asubuhi bei inafungua kwenye kikomo cha chini kabisa bila mnunuzi, na agizo lako linasimama foleni na ya wengine. Kwa hisa ndogo ni baya zaidi, maana mtu mmoja mwenye shida akiuza 500 kama ulivyofanya wewe, bei inateremka kwa dakika kumi, agizo lako linaamka, linauza zote, na mchana bei imerudi. Badala yake weka arifa ya bei kwenye simu, na kwenye daftari andika, kwa kila kampuni, jambo litakalokufanya uuze: kukatwa kwa mgao, mikopo mibaya kupita kiwango fulani, tahadhari ya faida. Arifa ikilia, fungua daftari kabla ya programu.

Siku ya hofu kuu soko lenyewe hufunga mlango. Tarehe 13 Machi 2020, siku kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini, biashara ilisimamishwa baada ya NSE 20, kipimo cha hisa 20 za kampuni kubwa, kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Maagizo ya siku kama hiyo ndiyo watu huyajutia.

Kuhusu KRA, huyo mwingine amesoma ushauri wa Marekani. Hapa faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi kodi, basi hasara nayo haina pa kupunguzia. Mgao hukatwa asilimia 5 kwa mkazi kabla haujakufikia, na shughuli imeishia hapo.

Kundi la Telegram liulizwe swali moja: anayetoa ushauri ana leseni gani ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya Mamlaka. Sasa umeona jinsi hisa 500 zinavyoisogeza bei ya kampuni ndogo. Mtu aliyenunua mapema kwa 14, akawaambia wanachama mia mbili kwamba bei inaenda 35, hahitaji kampuni ifanye vizuri. Anahitaji maagizo yenu ya bei ya soko tu, na anayajibu kwa kuwauzia hisa zake. Nenosiri la akaunti yako ya hisa, bila shaka, usimpe yeyote.

Agizo lako la kwanza liwe hivi: uza hisa 300, bei isipungue 12.80, lidumu hadi Ijumaa. Likikaa siku mbili bila kuguswa, lishushe hadi bei ya mnunuzi wa juu kabisa kwenye orodha, hata ikiwa 12.40. Likiuzika kabla ya saa sita mchana na bado kuna wanunuzi kwa bei hiyo, usiongeze 300 nyingine siku hiyohiyo. Kesho saa tatu na nusu soko likifunguliwa, angalia orodha upya ndipo uandike la pili.